Bidii Peke Yake Haikutosha

Wasee, kuna stori moja inapendwa sana huku mtandaoni: mkimbizi anafika Marekani bila kitu, anatia bidii, anakuwa mtu mkubwa. Leo niwape ya Jacqueline Nguyen, lakini nitaisimulia yote.

Alizaliwa Da Lat, Vietnam ya Kusini, mwaka wa 1965. Babake alikuwa mwanajeshi aliyefanya kazi na Wamarekani, kwa hivyo Saigon ikianguka Aprili 1975, kubaki ilikuwa hatari. Familia ikatorokea California, ikaishi kwa hema ndani ya kambi ya jeshi ya Camp Pendleton. Baadaye wazazi wakafungua duka la donati, naye akawa anawasaidia kuuza huku akisoma. 1995 akawa mwendesha mashtaka wa serikali kuu, Los Angeles. 2012 akawa mwanamke wa kwanza mwenye asili ya Asia kuwa jaji wa mahakama ya rufaa ya serikali kuu.

Tamu, sindio? Sasa sehemu ambayo watu huruka. 1975, Wamarekani wengi walioulizwa maoni walisema hawataki Wavietnamu waletwe kwao. Rais Gerald Ford hakuwafuata. Mwezi wa Mei alitia saini sheria ya kusaidia wakimbizi, na takriban watu 130,000 wakapokelewa mwaka huo.

Kwa hivyo ukimwambia mkimbizi "tia bidii tu", umesema nusu. Bidii ilikuwa yake, lakini mlango ulifunguliwa na sheria. Na leo anayeilinda hiyo sheria ni yule mtoto ambaye wengi walitaka abaki nje.