Kiwanda cha Viatu cha Kihonda na Ilimu Iliyozaliwa Nacho

Msafiri aishikaye njia ya Dodoma kutoka stendi ya Msamvu, akiisha kuyaacha nyuma mabasi na makelele ya wapiga debe, huingia Kihonda, kitongoji cha viwanda cha mji wa Morogoro, ambako mabohari yaliyojengwa enzi za mashirika ya umma yamezungukwa leo na nyumba za watu, maduka, skuli na nyumba za ibada. Si wengi miongoni mwa wakazi wa hapo wajuao kuwa kitongoji chao kina sifa iliyovuka bahari, na kwamba katika madarasa ya uchumi ya Marekani na Ulaya, mwalimu atakapo kuwaonyesha wanafunzi jinsi mali nyingi iwezavyo kuzikwa mahali isizae kitu, hutaja viatu vya Morogoro. Sifa hiyo ilitokana na kitabu kimoja, The Elusive Quest for Growth cha mchumi wa Kimarekani William Easterly, kilichochapishwa mwaka 2001 na sasa kimetimiza robo ya karne. Na munasaba huo ndio ulionisukuma kushika kalamu, ili taarikhi ya kiwanda chetu isibaki mikononi mwa wageni peke yao.

Maneno ya Easterly juu ya kiwanda hicho ni machache mno, lakini ni mazito. Anaeleza kuwa Benki ya Dunia, katika muongo wa 1970, ilitoa fedha za kujengea kiwanda cha viatu Morogoro, kikapewa wafanyakazi, mashine na ufundi mpya wa wakati ule, azma ikiwa kutengeneza viatu milioni 4, ambavyo robo yake ingekidhi haja ya Tanzania nzima na robo tatu zingepelekwa kuuzwa Ulaya. Kiwanda hakikupata kuzalisha zaidi ya asilimia 4 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kazi ilisimama. Asomaye na apige hesabu mwenyewe: asilimia 4 ya milioni 4 ni 160,000, na idadi hiyo ndiyo iliyokuwa kilele, wala si wastani. Kisha na apige hesabu ya pili, ambayo mimi huiona kubwa kuliko ya kwanza. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu Watanzania wapatao milioni 17 na nusu. Basi waliopanga mradi, kwa kuwatengea watu wote hao viatu milioni 1, walikwisha kukiri kimyakimya kuwa umma wa wakulima hauna fedha ya kununulia viatu, wakayategemeza matumaini yao yote kwa mnunuzi wa Ulaya, ambaye ana viwanda vyake, ana mafundi wake wa miaka mingi, na hana sababu ya kumhurumia muuzaji mgeni.

Easterly hakuandika hayo kwa kukidhihaki kiwanda. Alikuwa mtumishi wa Benki ya Dunia tangu mwaka 1985, aliyajua makabrasha yake kwa ndani, na alikuwa akiijibu dhana iliyotawala vichwa vya wakubwa kwa miongo kadhaa, ya kuwa nchi maskini inakosa mtaji tu, na kwamba ikijaziwa pengo la mtaji kwa mikopo na misaada, ukuaji wa uchumi utafuata wenyewe kwa kanuni ya hesabu. Dhana hiyo iliegemezwa kwenye makala ya Evsey Domar ya mwaka 1946, ijapokuwa Domar mwenyewe baadaye aliyakana matumizi hayo. Na Robert Solow, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1987, alikwisha kuonyesha katika makala zake za mwaka 1956 na 1957 kuwa mashine juu ya mashine haziwezi peke yake kuikuza nchi daima dawamu. Tanzania ikawa shahidi wa Easterly: tangu katikati ya muongo wa 1970 hadi mwaka 1990, anasema, mtaji wa viwanda kwa kila mfanyakazi uliongezeka kadiri ya asilimia 8 kwa mwaka, ilhali pato la viwanda kwa kila mfanyakazi lilipungua kwa zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka. Mashine ziliingia, mazao ya mashine yakapungua. Kihonda ndipo mahali ambapo takwimu hizo zilipata kuta na paa.

Jinsi viwanda vilivyofika Kihonda ni habari inayojulikana, nami nitaipitia kwa haraka. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Mpango wa Pili wa Maendeleo ulioanza mwaka 1969 ukaitaja Morogoro miongoni mwa miji ya kupelekewa viwanda ili Dar es Salaam isilimbikize kila kitu. Na mkakati wa viwanda vya msingi ukaanza mwaka 1975. Hivyo vikazaliwa viwanda vya ngozi, viatu, turubai na nguo, kwa hoja iliyokuwa na mantiki yake: ng'ombe tunao, pamba tunayo, reli ipo, na bandari haiko mbali.

Sasa tufike kwenye mzozo wenyewe juu ya sababu ya kiwanda kukwama, ambao ndio roho ya taarikhi hii. Katika maelezo yake mafupi, Easterly anataja jambo moja ambalo kila msomaji hulikumbuka hata akisahau mengine yote: kiwanda hakikujengwa kwa kuijua hali ya hewa ya Tanzania, kwa kuwa kuta zake zilikuwa za alumini na hakikuwa na mfumo wa kupitisha hewa. Mtu asiyeijua Morogoro hulisoma jambo hilo na kulipita. Lakini sisi tuijuao, tuliouonja mwezi wa Novemba hapa bondeni, kabla mvua za vuli hazijashika sawasawa, jua likiwa limelala juu ya bati tangu asubuhi na upepo wa mlimani usifike, tunajua maana ya kumfungia mtu ndani ya sanduku la madini na kumtaka agonge soli kwa saa nane. Tena kazi ya viatu si kama kazi ya kupanga magunia. Ni kazi ya gundi, na gundi ya viatu ni dawa kali itoayo mvuke unaoleta kizunguzungu, nayo hutaka hewa ipite. Ni kazi ya ngozi, nayo ngozi ina tabia zake katika joto na unyevu. Aliyechora ramani ya jengo lile, awe ameketi wapi alipokuwa akiichora, hakumfikiria binadamu atakayesimama mbele ya mashine. Nalisema hili kwa uchungu, maana mpaka leo mfanyakazi wa nchi hii hulaumiwa kwa uvivu kabla jengo analofanyia kazi halijaulizwa neno.

Wapo, hata hivyo, wasioridhika na hoja ya kuta, na hoja yao ina uzito ambao haki inataka usikilizwe. Wanasema: kuta zilikuwa mbaya, naam, lakini mbona viwanda vyenye kuta za matofali na madirisha mapana vilikwama vilevile? Hapa ndipo panapohitajika jina la mwanazuoni wetu wenyewe, Samuel Wangwe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambaye mwaka 1977, wakati mradi wa Kihonda ulipokuwa mchanga, alichapisha katika jarida la Shirika la Kazi Duniani uchunguzi wake juu ya sababu za viwanda vya Tanzania kutotumia uwezo wao wote. Wangwe hakutafuta sababu moja ya kutisha wala ya kuchekesha. Alifuata mnyororo mzima: malighafi zisizofika kwa wakati, vipuri visivyopatikana, maji na umeme, usimamizi, na soko. Yaani kabla Kihonda haijawa mfano wa mtu yeyote, ilimu ya kuielewa Kihonda ilikuwa imekwisha kuandikwa Dar es Salaam, na kalamu iliyoiandika ilikuwa ya Mtanzania.

Baada ya hapo dunia ilitugeuka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977; vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula hazina; bei ya mafuta ikapanda tena; na fedha za kigeni zikawa adimu hata hospitali na mashamba yakazigombania na viwanda. Katika dhiki hiyo kulikuwa na kitendawili kilichowashughulisha sana wachunguzi wa muongo wa 1980: wafadhili walikuwa tayari kutoa fedha za kujenga kiwanda kipya, kitakachowekwa jiwe la msingi na kupigwa picha, wala hawakuwa tayari kwa wepesi uleule kutoa fedha za kununulia sindano, uzi, gundi na mkanda wa mashine kwa kiwanda kilichopo. Kwa hiyo nchi ikaendelea kujenga uwezo mpya juu ya uwezo usiotumika, kama mtu anunuaye masufuria ilhali hana unga. Wangwe na Rune Skarstein walikusanya hoja za aina hiyo katika kitabu chao juu ya maendeleo ya viwanda Tanzania, kilichotoka mwaka 1986, mwaka uleule ambao serikali ya Mzee Mwinyi ilipatana na Shirika la Fedha la Kimataifa.

Mimi, nikiulizwa upande wangu, husema kuwa hoja mbili hizi zimegombanishwa bure. Kuta za alumini na ukosefu wa fedha za kigeni ni watoto wa mama mmoja, naye ni mradi uliobuniwa na watu wasiolazimika kuishi na matokeo yake. Andrew Coulson, aliyeandika juu ya kiwanda cha mkate cha Dar es Salaam kilichojengwa kwa msaada wa Kanada, katika mkusanyiko wa makala alioutoa mwaka 1979, alionyesha jinsi mtambo ghali ulivyochaguliwa ilhali tanuri za kawaida zingeoka mkate uleule na kuajiri watu wengi zaidi. Mkate na viatu ni vitu mbalimbali, lakini namna ya kuamua ilikuwa moja. Mkopeshaji alitaka kukopesha, muuza mitambo alitaka kuuza, na mkubwa wa shirika alitaka kuzindua. Avaaye kiatu hakuitwa kwenye kikao.

Ajabu iliyopo ni kwamba Morogoro haikuwa ngeni kwa utafiti wa namna hii. Mwaka 1960 Roland Young na Henry Fosbrooke walitoa kitabu juu ya ardhi na siasa za Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru, baada ya mpango wa serikali ya kikoloni wa kuwalazimisha watu wa milimani kuchimba matuta ya ngazi kuzusha ghasia za mwaka 1955 na kuachwa. Wakoloni waliuita ukaidi. Lakini mkulima wa Uluguru alikuwa amepiga hesabu yake, akaona kazi ni kubwa mno, na udongo mzuri wa juu hufukiwa na mbaya wa chini. Katika muongo wa 1990 Jan Kees van Donge aliandika juu ya wafanyabiashara wa Kiluguru waliohamia Dar es Salaam, na Stefano Ponte akachunguza, katika Morogoro vijijini na Songea, jinsi kibarua wa shamba alivyokuwa akipatikana kwa makubaliano ya ujirani na udugu, kisha, baada ya soko kufunguliwa, akaanza kupatikana kwa mkataba wa fedha taslimu. Hao watu wa mlimani, ambao hakuna benki iliyowajengea bohari, walikuwa wakiteremsha mboga na matunda yao hadi mijini mwaka hata mwaka, katika miaka ileile ambayo mashine za Kihonda zilikuwa zimelala. Tafiti juu yao ni za maana, na laiti zingejulikana nusu ya zinavyojulikana habari za kiwanda.

Na tazama tulivyo na nyumba ya ilimu hiyo karibu. Mzumbe, kando ya njia ya Iringa chini ya milima, palianza mwaka 1953 kuwa skuli ya serikali za mitaa, pakawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972, na chuo kikuu mwaka 2001, mwaka uleule wa kitabu cha Easterly. Mameneja na wahasibu wengi wa mashirika ya umma walipita hapo. Pamoja na hayo, mwanafunzi wa biashara wa leo atakaye kuisoma habari ya kiwanda kilicho mwendo mfupi kutoka bwenini kwake anaelekezwa kwenye kitabu cha Kiingereza kilichochapishwa Marekani, na humo atakuta sentensi chache tu.

Mengine ni ya juzi, na kila mtu ameyaona. Mashirika yalibinafsishwa, baadhi ya majengo yalipata kazi nyingine, baadhi yakawa maghala. Serikali ya awamu ya tano iliwataka waliopewa viwanda na kuviacha vilale wavirudishe. Nguo hushonwa Morogoro kwa ajili ya soko la Marekani, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme huleta abiria kutoka Dar es Salaam.

Waliosimama mbele ya mashine za viatu wakiwa vijana wa miaka 20 sasa wako katika umri wa wazee, na wengine wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Hao wanajua ni saa ngapi za mchana joto lilipowatoa nje, ni siku ngapi walikaa wakingoja gundi, nani aliziandika hesabu na alizipeleka kwa nani, na viatu vile vichache vilivyotoka viliuzwa wapi na kwa bei gani. Idara moja ya Mzumbe, au ya Chuo Kikuu cha Sokoine, ikiwapa wanafunzi wake daftari na vinasa sauti na kuwatuma Kihonda likizo ijayo, mswada wa kitabu cha kwanza cha Kiswahili juu ya kiwanda hicho unaweza kuwa mezani kwa mhariri kabla ya mwaka kwisha.