Thamani ya Mfuko wa Pensheni Ikishuka: Nani Ahame na Nani Akae?

Mwaka 2023 ulipofungwa, NASI, fahirisi ya hisa zote za Soko la Hisa la Nairobi, ilikuwa 92. Miaka miwili nyuma ilikuwa 166. Kwa kuwa fahirisi hiyo huhesabiwa kutoka 100 ya Januari 2008, aliyewekeza katika soko zima, ukiacha gawio, alikuwa chini ya pale alipoanzia miaka 16 kabla. Hisa ya Safaricom, inayobeba sehemu kubwa ya soko hilo, ilikuwa imeporomoka kutoka karibu Sh45 mnamo Agosti 2021 hadi chini ya Sh15. Hatifungani za serikali, ambazo mipango ya pensheni ya Kenya huzitegemea kuliko mali nyingine yoyote, nazo zilishuka bei. Mwanachama aliyepokea taarifa yake ya mwaka huo alikuwa na kila sababu ya kuuliza kama fedha zake zihamishwe zipelekwe mahali salama.

Ninadai hapa kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kutazama kiasi kilichopotea. Kupotea kumekwisha kutokea, na hakusemi lolote la uhakika kuhusu mwaka ujao. Jibu limo katika mambo mawili ambayo taarifa ya mwaka haiyaandiki: mwanachama atazihitaji fedha hizo lini, na atazichukua kwa namna gani.

Nchini Kenya kuna njia mbili kuu za kuwekeza michango ya pensheni. Ya kwanza ni mfuko wenye dhamana, unaoendeshwa na kampuni ya bima: mtaji haupungui, kiwango cha chini cha faida kimeahidiwa, na sehemu ya ziada ya miaka mizuri huwekwa akiba ya kuziba mapengo ya miaka mibaya. Ya pili ni mfuko uliotengwa, ambamo mali ni za mpango wenyewe, na faida au hasara humfikia mwanachama kama soko lilivyoitoa. Kanuni za Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, RBA, zinaruhusu mpango kuweka hata 100% katika mifuko yenye dhamana, hadi 90% katika hatifungani za serikali, na hadi 70% katika hisa zilizoorodheshwa. Sheria, kwa maneno mengine, imewaachia wadhamini uwanja mpana sana. Ndani ya uwanja huo mtu anaweza kukosea akielekea upande wowote.

Kosa lililozoeleka ni kukimbilia dhamana baada ya bei kuanguka. Aliyetoka kwenye hisa Desemba 2023 aliuza kwa bei ya chini, kisha NASI ikapanda hadi 123 kufikia mwisho wa 2024, yaani takriban 34% kwa mwaka mmoja. Hesabu ya kurudi ni kali kuliko hesabu ya kushuka: kilichopungua kwa 45% kinahitaji kukua kwa zaidi ya 80% ili kifike kilipokuwa, na ukuaji wa namna hiyo haupatikani ndani ya mfuko unaoahidi asilimia chache. Isitoshe, dhamana hiyo ni ya shilingi, haimhakikishii mstaafu uwezo wa kununua. Oktoba 2022 mfumuko wa bei Kenya ulifika 9.6%. Salio lililokua kwa kiwango cha chini ya hapo halikupungua kwenye taarifa, ila lilipungua dukani.

Upande wa hatifungani ndio unaoeleweka vibaya zaidi, kwa sababu watu wengi huamini kwamba kilichokopeshwa serikali hakishuki. Chukua hatifungani yenye riba ya 13% kwa mwaka, iliyobakiza miaka minane. Soko likianza kudai 18%, bei yake huanguka hadi karibu Sh80 kwa kila Sh100, ingawa serikali haijakosa kulipa riba hata mara moja. Mfano huu hauko mbali na yaliyotukia: Februari 2024 hatifungani ya miundombinu ya Kenya iliuzwa kwa riba ya zaidi ya 18%. Sasa, hasara hiyo ya Sh20 ina uzito gani? Kwa mwenye miaka 35, karibu haina. Hatifungani ikiiva, mfuko utalipwa Sh100 kamili, na michango yake ya kila mwezi tangu siku ile inanunua riba ya juu kwa bei ya chini. Huyu akihama anajiumiza mwenyewe.

Kwa aliyebakiza mwaka mmoja, jibu linategemea aina ya mpango. Katika mpango wa pensheni kamili, mstaafu huchukua si zaidi ya theluthi moja kwa mkupuo, na kinachobaki kinaweza kununua pensheni ya maisha kutoka kampuni ya bima. Riba zikipanda, kila shilingi hununua pensheni kubwa zaidi, kwa hiyo sehemu ya hasara ya hatifungani humrudia kwa mlango mwingine. Anayechukua mkupuo wote, kama wanachama wa mipango ya akiba wanavyoruhusiwa, hana mlango huo: hasara yote ni yake. Yupo na wa tatu, anayechagua kutoa fedha kidogo kidogo huku salio likiendelea kuwekezwa. Kanuni zinamtaka afanye hivyo kwa angalau miaka 10, bila kutoa zaidi ya 15% kwa mwaka. Ana miaka 60, lakini bado ni mwekezaji wa muda mrefu, na kuzipeleka fedha zake zote kwenye dhamana siku ya kustaafu ni kumhukumu kwa umri wake tu.

Uingereza ililipia somo hili mwaka 2022. Kwa miaka mingi mifuko yao ilikuwa ikiwahamisha wanachama taratibu kutoka hisa kwenda hatifungani za muda mrefu kadiri walivyokaribia kustaafu, kwa kudhani kwamba watanunua pensheni ya maisha. Tangu 2015 sheria iliwaruhusu kuchukua fedha watakavyo, na wengi wakaacha kununua pensheni hiyo. Hata hivyo sehemu kubwa ya fedha zao ilibaki kwenye hatifungani zilezile. Riba zilipopaa mwaka 2022, na bajeti ndogo ya serikali ya Septemba ikazidisha mtikisiko hadi Benki ya Uingereza ikalazimika kuingilia soko, waliotarajia fedha taslimu ndio walioumia, wakiwa katika mfuko walioambiwa ni wa tahadhari.

Najua hoja ya subira ina udhaifu wake, na wanaoihubiri mara nyingi huuficha. Fahirisi ya kampuni 20 za Nairobi ilipita 6,000 mwanzoni mwa 2007. Mwisho wa 2024 ilikuwa haijafika hata nusu ya hapo. NASI nayo, pamoja na kupanda kwa 2024, ilifunga mwaka huo ikiwa robo nzima chini ya 2021. Soko dogo linalotegemea kampuni chache linaweza kukaa chini kwa miaka inayozidi uvumilivu wa mtu. Ndiyo maana sitetei kukaa katika hisa kwa imani. Ninachotetea ni kwamba kiasi cha hisa kiamuliwe kabla bei hazijaanguka, kwa kufuata miaka iliyobaki na njia ya kuchukua mafao.

Atakayesema ni heri mfumo wa Tanzania, ambamo mafao ya mifuko ya umma hutokana na kikokotoo, yaani kanuni maalumu ya kukokotoa mafao, na mwanachama haoni soko likishuka, akumbuke Desemba 2018, malalamiko yalipoifanya serikali isitishe kikokotoo kipya, kisha 2022 mkupuo ukawekwa 33%, na 2024 ukapandishwa hadi 40% kwa waliokuwa wakipata nusu hapo awali. Hatari ilikuwapo wakati wote. Ilikuwa imehamia kwenye maamuzi ya serikali.

Lawama kubwa naiweka kwa wadhamini wanaomweka mwajiriwa wa miaka 25 na wa miaka 59 katika chungu kimoja. Kwa mpangilio huo hakuna uwekezaji unaofaa, kwa sababu kinachomfaa mmoja kinamdhuru mwenzake, na kila soko likishuka uamuzi huishia upande wa wenye hofu zaidi. Kanuni zinataka sera ya uwekezaji ipitiwe angalau kila miaka mitatu. Mapitio yajayo yatenge vyungu viwili au vitatu kwa umri na kwa njia ya kuchukua mafao, yaanze kuwahamisha wanachama taratibu miaka mitano kabla ya kustaafu, na yakataze uhamisho wa ghafla baada ya mwaka mbaya. Mwanachama ambaye mpango wake hauna utaratibu huo aulize sababu katika mkutano mkuu wa mwaka, na adai jibu liandikwe kwenye kumbukumbu.