Bwaga Moyo: Furaha na Majonzi kwenye Njia ya Pembe

Usemi «bwaga moyo», unaotajwa kuwa asili ya jina la mji wa Bagamoyo, umebeba maana mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kupumzisha moyo baada ya taabu ndefu. Ya pili ni kuuacha moyo papo hapo, kwa kuwa mbele ni bahari na nyuma hakurudiki. Maana ya kwanza husimuliwa kwa jina la mpagazi, ya pili kwa jina la mateka. Wote wawili walipita njia moja, na kuanzia miaka ya 1870 ncha yake kuu upande wa bara ilikuwa Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema katika Kongo ya leo.

Kitenzi chenyewe kina nguvu. Anayetua mzigo huuteremsha taratibu. Anayebwaga huuachia ukaanguka. Mpagazi wa pembe za ndovu aliuweka mzigo wake begani, au kichwani juu ya ngata, na pembe kubwa mno ilifungwa kwenye mti ikabebwa na wawili kwa mzegazega. Mtu aliyekwenda hivyo miezi kadhaa alijua vizuri tofauti ya kutua na kubwaga.

David Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, akakwama hapo kwa miezi mingi ya mwaka uliofuata akiugua vidonda vya miguu. Baadaye Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, aliifanya Kasongo makao yake. Pembe zilitoka huko zikapita Kabambare, zikavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, kisha Tabora, Mpwapwa na pwani. Kutoka Ujiji peke yake zilibaki zaidi ya kilomita 1,000.

Kwa upande wa historia, maana ya mpagazi ndiyo yenye uzito zaidi. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walifanya kazi kwa ujira, na nyimbo zao zilizoandikwa enzi ya Wajerumani zinaisifu Bagamoyo kwa shangwe. Tena, watumwa wengi waliopelekwa Unguja katika karne ya 19 walipitia Kilwa, si Bagamoyo, na mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mateka wengi wa Maniema hawakuiona bahari kamwe: walibakizwa Ujiji, Tabora au mashambani njiani.

Hata hivyo maana ya pili haistahili kutupwa. Tarehe 15 Julai 1871, Livingstone alishuhudia mamia ya watu, wengi wao wanawake, wakiuawa katika soko la Nyangwe, kaskazini-magharibi mwa Kasongo. Vijiji vilichomwa na watu wakatekwa ili wakombolewe kwa pembe, na aliyetekwa aliweza kubebeshwa pembe ileile bila ujira.

Maniema penyewe furaha na majonzi vilikutana ndani ya mtu mmoja. Kijana aliyetekwa alifundishwa Kiswahili, akasilimu, akapewa bunduki na kuitwa mwungwana. Kisha akatumwa kuteka wengine. Kutokana na jina hilo Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kiliitwa Kingwana. Heshima aliyoipata kijana huyo ilikuwa ya kweli, na kwao alikotekwa kulikuwa kwa kweli pia. Hakuna mfano ulio karibu zaidi na kiini cha usemi huu.

Majeshi ya Dhanis, kamanda wa Kibelgiji, yaliiteka Kasongo Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka Januari 1894. Tangu hapo pembe zilielekezwa magharibi, kwa Mto Kongo. Watu wenye asili ya Maniema walibaki Ujiji na pwani, na Dar es Salaam upo Msikiti wa Manyema. Mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha njia ya pembe UNESCO katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia. Njia iliyoorodheshwa inaishia Ujiji. Kasongo na Kabambare, mizigo ilikotwikwa, zinastahili kuongezwa kwa juhudi ya nchi zote mbili, Tanzania na Kongo.