Ajuza, Birika na Kidonge

Sote tunamjua ajuza wa hadithini: mkongojo mkononi, mgongo umepinda, uso unaangalia ardhi. Msimulizi hatuambii kwa nini amepinda. Kwani kuna haja? Kala chumvi nyingi, basi.

Lakini miaka peke yake haipindi mgongo. Mara nyingi ni pingili za uti wa mgongo zilizodhoofika, zikabonyea moja baada ya nyingine, hata bila mwenyewe kuanguka. Ndiyo osteoporosisi. Mfupa ulio hai hubomolewa na kujengwa upya kila siku. Hedhi ikikoma, ubomoaji huuzidi ujenzi.

Dawa iliyobadili mambo ilianzia mahali usipopadhania: kwenye mabomba ya maji. Maji yenye chokaa nyingi huacha utando mweupe ndani ya birika. Viwandani utando huo huziba mabomba, na kemikali za fosfeti zilitumika kuuzuia. Mwanasayansi wa Uswisi, Herbert Fleisch, aligundua kuwa mwili nao una kemikali ya aina hiyo, pairofosfeti, kwenye damu na mkojo. Je, haiwezi kuwa dawa ya kuzuia chokaa isigande kwenye mishipa? Tatizo, ukiimeza huvunjikia tumboni.

Miaka ya 1960 Fleisch alikuwa Davos, mji uleule wa milimani ambako Thomas Mann aliiweka riwaya yake Der Zauberberg. Yeye na Mwingereza Graham Russell wakatafuta kemikali inayofanana na ile, ila isiyovunjika. Wakazifikia bisfosfoneti, ambazo wanakemia walizijua tangu karne ya 19. Mwaka 1969, wakishirikiana na mtafiti wa Procter & Gamble, ndiyo, hao hao wa sabuni, wakatangaza jambo kubwa zaidi: kemikali hizo zinazuia hata mfupa wenyewe usimomonyoke.

Mwaka 1995 Marekani ikaidhinisha mojawapo, alendroneti, kutibu osteoporosisi. Mwaka uliofuata yakatoka matokeo ya utafiti wa wanawake 2,027 ambao tayari walikuwa na pingili zilizovunjika: waliomeza dawa walivunjika nyonga na pingili kwa karibu nusu ya wenzao.

Si muujiza, lakini. Dawa hii hukaa mfupani miaka mingi, na baadaye yakaonekana madhara ya nadra: mfupa wa taya kufa, na paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida. Ndiyo maana madaktari huwapumzisha baadhi ya wagonjwa baada ya miaka kadhaa.

Kidonge chenyewe kina masharti: umeze asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji, kisha usilale kwa nusu saa, kisije kikaunguza umio. Hakimnyooshi aliyekwisha kupinda. Lakini huweza kumsaidia yule ambaye bado yuko wima. Basi tukisema "ni uzee tu" pale mama anapoanza kulalamikia mgongo, tunamnyima nafasi ya kupimwa mapema, naye anaishia kuwa ajuza wa hadithini.