Utambuzi wa magari ya misuli bandia katika mauzo ya mtandaoni

Magari ya misuli ni magari ya Marekani ya milango miwili, mengi yakiwa ya ukubwa wa kati, yaliyofungwa injini kubwa za silinda nane na kuuzwa kwa bei ambayo kijana mwenye mshahara wa kawaida aliweza kuifikia. Enzi yao kuu ni kati ya mwaka 1964 na 1974. Gari bandia la kundi hili mara nyingi ni gari halisi la miaka hiyohiyo, ila lilitoka kiwandani likiwa la kawaida, kisha likavishwa injini, nembo na mistari ya rangi ya modeli adimu na kutangazwa kuwa ndiyo modeli hiyo. Mauzo ya mtandaoni yameupanua udanganyifu huu kwa sababu mnunuzi huamua kwa picha na maneno ya muuzaji, akiwa mbali na chuma chenyewe. Kanuni ya kuutambua ni moja: kitu kinachofunguliwa kwa spana hakithibitishi asili ya gari. Ushahidi hutafutwa kwenye namba zilizogongwa, tarehe za kiwandani na karatasi za wakati ule.

Chimbuko la tatizo

Pontiac GTO ya mwaka 1964 ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa kundi hili. Wakati huo General Motors ilizuia magari yake ya ukubwa wa kati kufungwa injini inayozidi inchi za ujazo 330. Wahandisi wa Pontiac chini ya John DeLorean walipita pembeni ya katazo hilo kwa kuiuza injini ya inchi 389, sawa na lita 6.4, kama kifurushi cha ziada kwenye Tempest LeMans. Kwa hiyo GTO ya kwanza, kwa hesabu za kiwanda, ilikuwa LeMans yenye nyongeza. Watengenezaji wengine waliifuata njia hiyo. Chini ya rangi na nembo, modeli ya kifahari na ile ya bei nafuu zilitumia bodi ileile, na mara nyingi zilitoka kwenye mstari uleule wa uundaji.

Gharama za bima, masharti ya moshi na mgogoro wa mafuta wa 1973 viliizima enzi hiyo. Miongo kadhaa baadaye, pengo la bei kati ya gari la kawaida na lile adimu likawa kubwa mno. Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 yenye paa la kukunjwa iliuzwa kwa dola milioni 3.5 katika mnada wa Mecum mjini Seattle mwaka 2014. Viwanda vya vipuri navyo hutengeneza upya karibu kila kitu, kuanzia nembo na viti hadi bodi nzima ya chuma: kampuni ya Dynacorn huuza bodi mpya za Camaro na Mustang za miaka ya 1960. Vipuri hivyo vimeokoa magari mengi yaliyokuwa yakiozea uani, na ni halali kabisa. Lakini vilevile vimempa mdanganyifu kila anachohitaji.

Aina za udanganyifu

Aina ya kwanza ni nakala inayofichwa kuwa nakala. Chevelle Malibu hufungwa boneti, viti na nembo za SS, au Plymouth Satellite hugeuzwa Road Runner. Kutengeneza nakala si kosa. Nakala iliyotangazwa wazi ni gari la heshima, na wengi huinunua ili waiendeshe bila hofu. Kosa huanza pale neno “nakala” linapoondolewa kwenye tangazo.

Aina ya pili ni injini iliyogongwa namba upya. Muuzaji husema gari lina “namba zinazooana”, yaani injini na giaboksi ndizo zilizotoka nalo kiwandani, ilhali namba ya zamani kwenye bloku imesagwa na nyingine kugongwa.

Aina ya tatu, iliyo nzito zaidi, ni kuhamisha utambulisho. Kibati cha namba na hati za gari adimu lililooza au kuungua huhamishiwa kwenye bodi nzima ya gari la kawaida.

Aina ya nne ni kuficha hali: kutu iliyofunikwa kwa puti, ajali isiyotajwa, maili zilizopunguzwa. Mita nyingi za wakati huo zilikuwa na tarakimu tano za maili, hivyo baada ya 99,999 zilirudi sifuri. Maili 42,000 kwenye dashibodi zaweza kuwa 142,000. Raba za pedali, usukani, kiti cha dereva na bawaba za mlango wake husema ukweli kuliko mita.

Aina ya tano ni tangazo lisilo na gari. Picha huibwa kutoka mnada wa zamani, bei hushushwa, na mnunuzi huelekezwa kutuma fedha kwa kampuni hewa ya udhamini wa malipo au ya usafirishaji.

Kusoma namba za utambulisho

Namba ya utambulisho, ambayo mafundi huiita namba ya chesisi, ilipewa muundo mmoja wa herufi na tarakimu 17 nchini Marekani kuanzia magari ya 1981. Kabla ya hapo kila mtengenezaji alikuwa na mfumo wake. Ndiyo maana huduma nyingi za mtandaoni zinazotoa historia ya gari kwa namba hazina cha kusema kuhusu magari haya.

Kwa mnunuzi, namba za Chrysler, zikiwemo za Plymouth na Dodge, ndizo zenye maelezo mengi, kwa kuwa alama ya tano hutaja injini. Katika namba inayoanza na BS23R0B, B ni Barracuda, S ni daraja la bei, 23 ni bodi ya milango miwili yenye paa gumu, R ni injini ya Hemi ya inchi 426, 0 ni mwaka 1970, na B ya mwisho ni kiwanda cha Hamtramck, Michigan. Hemi iliandikwa J mwaka 1968 na 1969, kisha R mwaka 1970 na 1971. Herufi V ya miaka hiyo miwili ya mwisho ni injini ya inchi 440 yenye kabureta tatu. Dodge Charger R/T ya 1968 hadi 1970 huanza na XS29. Charger ya kawaida huanza na XP29 au XH29. Namba ya XP29 kwenye gari lenye nembo za R/T inatosha kumaliza mjadala.

Ford nayo hutaja injini katika alama ya tano. K ni injini ya inchi 289 yenye nguvu farasi 271, R ya miaka ya 1968 hadi 1970 ni Cobra Jet ya inchi 428 yenye mfumo wa kuvuta hewa kupitia boneti, na Z kwenye Mustang ya 1969 na 1970 ni Boss 429. Kwenye Mustang, namba hugongwa pia juu ya bati la ndani chini ya madigadi. Picha ya mahali hapo ina thamani kuliko picha kumi za rangi inayong'aa.

General Motors ndiyo ngumu zaidi. GTO ilipewa namba yake, inayoanza na 242, kuanzia 1966 hadi 1971. Kabla na baada ya hapo ilikuwa kifurushi cha ziada, na namba pekee haiithibitishi. Chevelle SS396 ilikuwa modeli kamili kuanzia 1966 hadi 1968, na namba yake huanza na 138. Kuanzia 1969, SS ikawa kifurushi, na namba husema tu kwamba gari lilizaliwa na silinda nane. Hali ni hiyohiyo kwa Camaro Z/28 ya 1967 hadi 1969. Hata hivyo namba ya Camaro inaweza kukanusha: ikianza na 123, gari lilitoka na silinda sita, na haliwezi kuwa Z/28 halisi.

Bloku na mfuatano wa tarehe

Chevrolet za silinda nane zina sehemu ndogo bapa iliyogongwa namba mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria. Huko husomwa herufi ya kiwanda cha injini, mwezi, siku na herufi za aina. V ni Flint na T ni Tonawanda. DZ ni injini ya inchi 302 ya Camaro Z/28 ya 1969, na CRV ni injini ya LS6 ya inchi 454 yenye nguvu farasi 450, iliyofungwa Chevelle za 1970 zenye gia za mkono. Kuanzia 1968 huwepo pia sehemu ya namba ya utambulisho ya gari.

Sehemu hiyo bapa ikipigwa picha kwa karibu huonyesha mikwaruzo myembamba, sambamba, iliyoachwa na mashine ya kiwandani. Uso uliosuguliwa ukawa laini, mikwaruzo ya mviringo, au herufi zenye umbo geni ni dalili ya namba iliyogongwa upya.

Tarehe lazima zifuatane: bloku humiminwa kwanza, injini huunganishwa baadaye, kisha gari. Bloku iliyomiminwa baada ya gari kuundwa haikutoka nalo. Kwenye bloku za Chevrolet, tarehe ya kumiminwa huwa na herufi ya mwezi, siku na tarakimu moja tu ya mwaka. Alama C 10 9 yaweza kuwa Machi 10, 1969 au Machi 10, 1979, na hapo namba ya muundo wa bloku ndiyo huamua.

Vibati na karatasi

Magari ya Chrysler yana kibati kwenye madigadi chini ya boneti. Hutaja namba ya utambulisho, injini, giaboksi na rangi: E74 ni Hemi, E87 ni 440 ya kabureta tatu, D21 ni gia nne za mkono, FC7 ni zambarau. Camaro za 1969 kutoka kiwanda cha Norwood, Ohio, zilianza mwishoni mwa 1968 kuandikwa X33 au X77 kwa Z/28. Lakini vibati hutengenezwa upya, hivyo kibati peke yake ni shahidi dhaifu. Nguvu yake hutokana na kuafikiana na namba zilizofichwa kwenye bodi pamoja na karatasi ya uundaji, ambayo mara nyingine hupatikana kwenye springi za kiti au juu ya tangi la mafuta.

Kumbukumbu za watengenezaji hazilingani. Marti Auto Works ina takwimu za Ford kuanzia modeli za 1967 na hutoa ripoti kwa kila namba. Pontiac Historic Services hutoa nakala za ankara za kiwandani za Pontiac kuanzia 1961. Kwa Shelby, klabu ya Shelby American Automobile Club hutunza daftari la magari hayo. Chevrolet zilizouzwa Marekani hazina kumbukumbu kamili za namna hiyo, na ndiyo maana nakala zake ni nyingi na karatasi zake ni za thamani.

Mustang ya 1968 iliyoendeshwa na Steve McQueen katika filamu ya Bullitt inaonyesha uzito wa karatasi. Ilikuwa imechakaa, rangi yake imefifia, lakini mlolongo wa wamiliki na nyaraka zake ulikuwa kamili. Januari 2020 nyundo ya mnada ilishuka kwa dola milioni 3.4 huko Kissimmee, Florida.

Ishara katika tangazo

Tangazo linalotaja “namba zinazooana” bila picha ya namba hata moja linadai bila kuthibitisha. Vivyo hivyo maneno kama “inaaminika kuwa” au “niliambiwa na mmiliki wa awali”. Picha zisizoonyesha chini ya gari, sakafu ya buti na pembe za chini za madigadi ya nyuma huficha mahali kutu inapoanzia. Picha zilizopigwa gari likiwa limelowa hufanya rangi mbovu ionekane njema. Picha zikitafutwa kwa programu ya kulinganisha picha, hubainika kama ziliwahi kutumika kwenye tangazo lingine. Muuzaji anayekataa kutoa namba kamili, au anayesema yuko safarini na gari liko kwa msafirishaji, hastahili kutumiwa fedha.

Sheria

Sheria ya shirikisho ya Marekani hufanya kuondoa au kubadili namba ya utambulisho kwa kujua kuwa kosa la jinai, lenye kifungo kisichozidi miaka mitano. Hata mnunuzi asiye na hatia aweza kunyang'anywa gari. Jimboni Kansas, Corvette ya 1959 ilishikiliwa tangu 2017 kwa sababu kibati cha namba kilikuwa kimeondolewa wakati wa ukarabati. Mwaka 2022 jimbo hilo lilibadili sheria yake ili kuwalinda wanaokarabati magari ya kale kwa nia njema.

Ukaguzi kabla ya malipo

Mnunuzi aombe namba kamili na picha za mahali pote ilipogongwa, kisha aisome kwa mfumo wa mtengenezaji husika. Alinganishe hati ya umiliki na chuma. Aagize ripoti pale kumbukumbu zinapopatikana. Amlipe mkaguzi anayeijua modeli hiyo, asiyechaguliwa na muuzaji, akaliangalie gari kwenye mashine ya kuinulia, akiwa na sumaku au kifaa cha kupima unene wa rangi. Madai ya muuzaji yaandikwe kwenye mkataba, hasa yale ya injini na asili ya gari. Malipo yapitie njia ambayo mnunuzi mwenyewe ameithibitisha, si kiungo alichotumiwa.

Gari lisilo na ushahidi linunuliwe kwa bei ya nakala, hata kama muuzaji anaapa. Na anayeuza nakala aiite nakala, kwa maana kila namba inayogongwa upya inaharibu kumbukumbu ya kazi ya watu walioyaunda magari haya, na kumbukumbu hiyo haina kiwanda kitakachoitengeneza tena.