Kompyuta inaharibu mafaili kila mara? Anza na haya

Mkoa wa Rukwa umetegemea kwa miaka mingi umeme unaonunuliwa Zambia, na wenye kompyuta nyumbani wanajua unavyokatika. Ukikatika wakati kompyuta inaandika kwenye diski, faili linaweza kubaki nusu. Kabla ya kuibeba kutoka Kaoze hadi kwa fundi Sumbawanga mjini, fanya hivi kwa mpangilio:

1. Nakili kwanza picha na nyaraka zako kwenye flashi au diski ya nje. Ukarabati unaweza kupoteza mafaili.

2. Kwenye Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika chkdsk C: /f, bonyeza Y, kisha washa upya.

3. Tatizo likirudi hata umeme usipokatika, pima afya ya diski kwa programu kama CrystalDiskInfo. Ikiandika Caution au Bad, tafuta diski nyingine mapema.

4. Diski ikiwa nzima, badilisha kebo yake, kisha pima RAM kwa kuandika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta.

Kumbuka, chkdsk inarekebisha makosa tu, haiponyi diski inayokufa. Na kama chanzo ni umeme, UPS itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri.