Christina Maslach

Christina Maslach (alizaliwa San Francisco, Marekani, 21 Januari 1946) ni mwanasaikolojia wa jamii aliyetumia zaidi ya miaka 40 kuchunguza uchovu wa kazi, ule unaomfanya mtu aichukie kazi aliyoianza kwa moyo wote. Zamani mtu wa namna hiyo alihesabiwa mvivu au dhaifu. Maslach alitaka kazi yenyewe ichunguzwe kwanza.

Alipata shahada ya kwanza Radcliffe, katika Harvard, mwaka 1967, na ya uzamivu Stanford mwaka 1971. Agosti ya mwaka huo, akijiandaa kwenda kufundisha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alitembelea gereza la kuigiza, jaribio lililoendeshwa na mwanasaikolojia Philip Zimbardo katika chumba cha chini cha jengo la Stanford. Aliwakuta vijana waliopewa uaskari wakiwasindikiza msalani wenzao walioigiza wafungwa, vichwa vimefunikwa mifuko, miguu imefungwa minyororo. Alimkabili Zimbardo, aliyekuwa mpenzi wake, akamwambia wazi kwamba anawatendea vijana wale ubaya. Jaribio lililopangiwa wiki 2 likavunjwa baada ya siku 6. Wawili hao walioana mwaka 1972. Masimulizi mengi kumhusu huishia hapo, jambo ambalo si haki kwake, maana kazi yake kubwa ilikuwa haijaanza.

Katika miaka ya 1970 alikwenda kuwahoji watu ambao riziki yao ni kuhudumia wengine: wauguzi, madaktari, maafisa ustawi wa jamii, mawakili wa watu maskini, askari magereza. Alitaka kujua wanaishije na machungu ya watu siku baada ya siku. Masimulizi yalifanana mno. Mtu alianza na ari, akalemewa, kisha akajikinga kwa kujitenga na wale aliopaswa kuwasaidia, hadi akaacha kuwaona kama binadamu wenziwe. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York alikuwa ameandika kuhusu hali hiyo mwaka 1974, kutokana na aliyoyaona katika kliniki ya bure. Kilichokosekana ni kipimo.

Kipimo kilikuja mwaka 1981, Maslach na Susan E. Jackson walipochapisha hojaji yenye vipengele 22. Anayeijaza husema hali fulani humpata mara ngapi, kuanzia 0, yaani haimpati kabisa, hadi 6, yaani kila siku. Majibu hupima mambo matatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwa baridi kwa wanaohudumiwa, na kujiona hafanikishi lolote. Kuyatenganisha hayo matatu ndiko kulikoipa hojaji uzito wake. Muuguzi aliyechoka anaweza bado kuipenda kazi yake na wagonjwa wake, na akipumzika akarudi mzima; aliyechoka, akawachoka wagonjwa na kujidharau mwenyewe, yuko pabaya zaidi. Baadaye yalitoka matoleo ya walimu na, mwaka 1996, ya kazi za kila aina.

Akishirikiana na Michael Leiter wa Canada, Maslach alitaja maeneo sita ambamo mtu na kazi yake huweza kukosana: mzigo wa kazi, uhuru wa kuamua, malipo na shukrani, uhusiano na wenzake, haki, na maadili. Orodha hiyo inaonyesha kwa nini likizo peke yake haitoshi: anayeonewa na mkubwa wake humkuta palepale akirudi. Mwaka 2011 Leiter na wenzake walieleza matokeo ya mpango uliofanywa katika hospitali za Canada, ambamo wafanyakazi walikutana mara kwa mara kujadili namna ya kuheshimiana. Heshima iliongezeka, na ule ubaridi kuelekea kazi ukapungua.

Katika kitabu walichotoa pamoja mwaka 2022, Maslach na Leiter wanamlinganisha mfanyakazi aliyechoka na ndege kanari aliyeshushwa mgodini: akizimia, hewa ndiyo mbaya. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeutambua uchovu huo kuwa hali itokanayo na kazi, bila kuuita ugonjwa. Maslach hakubali waajiri waitumie hojaji yake kumtenga mfanyakazi mmoja na kumbandika jina la mgonjwa. Anataka majibu ya kitengo kizima yasomwe pamoja na yale maeneo sita, ili ijulikane ni kipi katika kazi cha kurekebishwa.